Nilivyofanywa Dada wa Mume Wangu

Majina ya watu hawa wote ninayo. Najua jina la mzee aliyeketi karibu na mlango siku ile, jina la baba yake, na ukoo alikotoka mama yake. Sitayaandika, kwa sababu wajukuu wao wanapita hapa wakienda shule na wananisalimia vizuri. Mtu asome bila majina.

Niliolewa wakati bendera ilikuwa bado ya Mwingereza, ingawa kila mtu alikuwa anajua haikai. Mume wangu alikuwa amemaliza chuo cha Kampala na kurudi na digrii, wa kwanza kuwa nayo kijijini kwao, akapewa kazi ya kufundisha shule ya wavulana upande wa Kakamega mjini. Mimi nilikuwa nimefika darasa la tatu kule Iguhu. Watu walijiuliza amenipendea nini. Shangazi yake alisema mbele yangu, akiwa anapepeta wimbi, "Hata mwenye digrii anakulanga obusuma. Lazima awe na wa kumsongea ugali." Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana nilijua mwenyewe jinsi alivyokuwa ananitazama akifika Ijumaa na baiskeli yake.

Ng'ombe walipelekwa kwa baba yangu. Kanisani hatukwenda. Alisema tutakwenda siku nyingine, akishapata suti ya maana, na hakuna aliyeona kasoro, kwa sababu kwetu ng'ombe wakishavuka mto wewe ni mke. Tukapata mtoto wa kike. Kisha Uhuru ukaja, tukakesha tukiimba, na kulipokucha Wazungu wakaanza kufunga mizigo.

Hapo ndipo mume wangu alipoanza kukosa usingizi. Ofisi nyingi zilikuwa zinabaki wazi, na kila kiti kilikuwa kinamtaka mtu aliyesoma kuliko mwenzake. "Digrii moja sasa ni kama baiskeli," alisema. "Miaka michache tu, kila mtu ataipanda. Mimi nataka ya pili."

Ya pili ilikuwa ng'ambo, na ng'ambo ilitaka fedha ambazo hata ukoo mzima ungeuza ng'ombe wote usingezifikia. Jioni moja tulikuwa tunapukuchua mahindi jikoni. Akachukua magunzi, akayapanga mbele yangu, akanieleza njia zote za kupata msaada wa masomo, kama anavyowafundisha wavulana wake.

"Hili ni la serikali," akasema. "Serikali inalipa kila kitu, lakini foleni ni ndefu, na ukirudi wanakutupa popote, hata jangwani, mpaka umalize kuwatumikia. Hili la pili ni la wamisheni. Wao wanataka mtu aliyefunga ndoa madhabahuni. Tena watanipeleka kusomea uchungaji."

"Wewe, mchungaji?" nikamuuliza. "Waumini watalala wakiwa wamesimama."

Akacheka. "La tatu ni halmashauri. Wanakopesha, lakini wanataka shamba lililopimwa lisimamie mkopo. La baba halijapimwa."

"Hata likipimwa hatakupa."

"Najua." Kisha akachukua gunzi la nne, na hilo hakuliweka chini. Kulikuwa na chama cha wafadhili huko ng'ambo, akasema, wanaolipa safari, chuo, chakula, kitanda, mpaka nguo za baridi, na ukimaliza hawakudai kitu. Walikuwa wanatafuta vijana wenye digrii moja.

"Sasa si uombe hiyo?"

"Wanataka mtu asiye na mke."

Niliendelea kupukuchua. Alinieleza polepole kwamba wafadhili wale waliona wenye wake wanajinyima chakula ili watume fedha nyumbani, halafu wanaugua na kuacha masomo katikati. Kisha akasema kuna mama wa Kizungu, mjane aliyekuwa na shamba upande wa Lugari, ambaye chama kilimpa kazi ya kuwatembelea waombaji makwao aone hali yao. Angekuja siku moja, anywe chai, aende zake.

"Siku hiyo wewe utakuwa dada yangu," akasema. "Siku moja tu."

"Na mtoto?"

"Aende Iguhu kwa mamako."

"Ananyonya."

"Siku moja, mama wa mtoto."

Nilikubali. Alikuwa mume wangu, na alikuwa anatafuta mkate wetu sote. Hivyo ndivyo nilivyoelewa.

Aliyekataa ni baba yake. Asiyejua desturi zetu hataelewa kwa nini, kwa hiyo nitaeleza. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawagusani. Hampeani mikono, huwezi kuketi alipoketi, ukikutana naye njiani unakaa kando apite. Hiyo heshima ndiyo inayoonyesha kwamba wewe ni mke wa mwanawe. Binti yake wa kuzaa ni tofauti. Binti anamshika mkono, anaketi karibu naye, anamtania. Sasa mume wangu alikuwa anataka baba yake anifanye binti mbele ya mgeni.

"Unataka nimshike mkono mke wako," mzee alisema. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, nasikia.

"Memsabu huyo amekaa kwetu siku nyingi, baba. Mila anazijua. Akiona mnakwepana, atajua huyu ni mkwe, na mimi nimekwisha."

"Mgeni mwambie huna dada nyumbani. Mke wako tumfiche."

"Waombaji wengine wana dada zao, wanapika, wanapokea wageni. Nyumba isiyo na msichana itamfanya aulize. Tena jirani wa kwanza atakayemwona atamwambia kuna mwanamke hapa."

Mwishowe mzee akasema, "Basi gari lake likiondoka tu, kondoo achinjwe, tutakaswe. Siku hiyo hiyo." Mume wangu akaitikia.

Memsabu alikuja asubuhi, amevaa kofia na viatu vya shambani. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuwaamrisha wapishi, lakini moyo wake haukuwa mbaya. "Mzee, hii nani?" akauliza, akinionyesha.

Baba mkwe wangu akanyoosha mkono. Nami nikanyoosha wangu. Mkono wake ulikuwa mkavu, na macho yake yalikuwa yanatazama paa. "Huyu ni binti yangu," akasema. Mama mkwe wangu, aliyekuwa anamimina chai, akaimimina nje ya kikombe. Kisha nikaketi kwenye benchi, kando ya mzee, kama binti anavyoketi. Tulikuwa tumechinja ingokho, yaani kuku, na Memsabu akawekewa firigisi, sehemu ambayo kwetu ni ya mwenye mji. Akaionja, akaisukuma kando ya sahani. Macho ya mzee yalifuata ile firigisi mpaka sahani ikaondolewa.

Mtoto wangu alikuwa Iguhu tangu jana yake. Nilipokuwa nimeketi pale, maziwa yakaanza kutoka. Niliegemea mbele, nikakunja mikono, lakini gauni lilikuwa limeshalowa, na Memsabu alikuwa ameshaona. Akamgeukia mume wangu, akamwuliza jambo kwa Kiingereza, sauti ya chini. Mume wangu akainamisha kichwa, akamjibu kwa maneno machache. Yule mama akanyanyuka, akaniwekea mkono begani. "Pole sana, msichana," akasema. Nilidhani ananionea huruma kwa gauni.

Gari lilipoondoka, baba mkwe wangu akaita aletwe kondoo. Mume wangu akamzuia.

"Si leo, baba. Jirani wakiona kondoo wa kutakasa watauliza tumekosa nini, na maneno yatafika Kisumu kabla ya hilo gari. Ngoja nipate jibu."

Jibu lilipokuja, alikuwa amechaguliwa. Mzee akamkumbusha habari ya kondoo. "Nikirudi," mume wangu akasema, "tutafanya vizuri, na suti, na kanisa, kila kitu pamoja." Tukamsindikiza mpaka stesheni ya Kisumu, apande treni kwenda kwenye ndege Nairobi. Alimbusu mtoto. Mimi hakunishika mkono, kwa sababu kulikuwa na vijana wengine wa chama kile wakisafiri naye.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, Memsabu alirudi. Alikuwa ameuza shamba, anakwenda kwao asirudi tena. Aliniletea kifurushi cha nguo za mtoto. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu, hakukuwa na nafasi ya kumficha.

"Hii kwa mtoto yako," akasema. "Kaka yako alisema mimi. Bwana ile mbaya alikudanganya, akakimbia. Usilie. Wewe iko kijana. Utapata bwana ingine."

Nilishika zile nguo. Nilitaka kumwambia kwamba huyo bwana mbaya ni yule yule ambaye yeye, Memsabu, alimpakia kwenye ndege, lakini nikafikiri juu ya masomo yake, nikasema, "Asante, Memsabu." Jioni nikamweleza mama mkwe wangu. Akasema, "Mwanangu alikuwa na haraka siku ile. Neno la kwanza lililomjia ndilo alilolisema." Nikajiambia hivyo hivyo. Mtu akitaka kuamini, hakosi mahali pa kushikilia.

Barua zake zilikuwa zinakuja kwa baba yake, na katekista ndiye aliyekuwa anazisoma. Alieleza theluji, alieleza maktaba. Mwisho kila mara: "Msalimieni dada na mtoto wake." Katekista alikuwa ananitazama juu ya miwani. Nikamwambia ni ujanja wetu, kwamba labda wafadhili wanafungua barua. Nilikuwa nacheka nikisema hivyo. Wanawake wenzangu kisimani walikuwa wananitania, "Dada, kaka yako anasemaje?" Nami nawajibu, "Anasema anawatafutia wifi Mzungu." Tulikuwa tunacheka mpaka ndoo zinamwagika.

Alirudi na digrii ya pili, na gari, na mke. Mke hakuwa Mzungu. Alikuwa msichana wa upande wa pili wa nchi hii, aliyekuwa anasomea uuguzi mji ule ule, mzuri wa sura na wa tabia. Alishuka garini, akanijia mimi moja kwa moja, akanikumbatia.

"Wewe ndiye dada," akasema. "Amenieleza habari zako zote. Pole kwa yaliyokupata. Nimekuletea kitambaa."

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa anatazama tairi la gari, kama ana wasiwasi nalo. Nilichukua kile kitambaa. Sikumwambia yule msichana kitu. Yeye hakuwa amenikosea, naye alikuwa amedanganywa kama Memsabu. Nikaenda jikoni nikawapikia. Waliondoka jioni kwenda Nairobi, kwa kuwa wizarani alikuwa ameshapewa kiti.

Ndugu yangu alipopata habari alikuja kutoka Iguhu akitokwa na jasho, akadai wazee waketi. Mume wangu akaitwa. Alikuja peke yake, na suti. Wazee waliketi sebuleni kwa baba mkwe wangu, na mimi nikasimama kwenye mlango wa jikoni na mtoto wangu, ambaye sasa alikuwa anakimbia na kuuliza maswali. Nilitaka jambo moja tu siku ile. Nilitaka aseme mbele yao kwamba mimi ni mkewe. Akishasema, aoe hata wengine, mimi ningejua pa kukaa.

Ndugu yangu alianza. "Sisi tulipokea ng'ombe kutoka hapa. Nauliza tu, wazee. Huku kwenu mtu anamtolea dada yake ng'ombe?"

Mzee mmoja akacheka kidogo, akajifanya anakohoa.

"Ng'ombe sikatai," mume wangu akasema. "Wabaki nao, sidai. Lakini ninyi ndio mlionifundisha mila, baba zangu. Baba alimpa mkono. Aliketi naye benchi moja, akamwita binti, mgeni akisikia. Na hakuna kondoo aliyechinjwa. Sasa ninyi niambieni, mwanamke wa namna hiyo ninarudije kwake? Mnataka nizae laana?"

Alisema vizuri. Lazima niseme hivyo. Alikuwa ameenda mbali sana kusoma, na elimu yote ile aliirudisha ikaja kunifungia mlango kwa mila ya bibi zetu.

"Na kondoo nani alimzuia?" ndugu yangu akauliza.

Wote wakamtazama baba mkwe wangu. Yule mzee alikuwa amekonda tangu siku ile ya mgeni. Hakuwa tena anapita karibu na nyumba yangu hata mchana. "Aliyemzuia amevaa suti," akasema.

Nilifikiri hapo kesi imekwisha. Lakini mzee wa karibu na mlango akajikuna goti, akasema, "Ndugu zangu, tusiangalie tulikotoka tu. Huyu kijana sasa ni mtu mkubwa. Anaketi na wale wanaochagua vijana wa kwenda ng'ambo. Mambo ya jikoni yasimvute nyuma." Mwanawe alikuwa anamaliza Kampala mwaka ule. Aliyefuata akasema na yeye anaona hivyo. Mkwewe alikuwa ameandika maombi, amekataliwa, anataka kuandika tena. Wa tatu alikuwa na binti mwenye akili sana. Niliwatazama mmoja mmoja, na kwa kila mmoja nilijua ni mtoto gani anayemfikiria. Hawakuwa watu wabaya. Watoto wao nilikuwa nimewabeba.

Mwanamke hasemi kwenye kikao kama kile asipoulizwa. Nilisema.

"Baba zangu, nina swali. Mimi nikiwa dada yake, huyu mtoto ni wa nani?"

"Mukhana, binti," mzee wa karibu na mlango akaniambia, kwa upole, "hilo tuliache."

"Sikuulizi wewe, baba. Aseme yeye. Kama mtoto ni wake, basi mimi ni mke. Kama mimi ni dada, aseme mtoto ni wa nani, naye mtoto asikie."

Mume wangu akamtazama mtoto. Mtoto alikuwa anamtazama tangu mwanzo, amekunja mikono nyuma kama yeye. Walifanana paji la uso. Hata kipofu angeona. Nilifikiri, huyu sasa atasema ukweli, hakuna mtu anayeweza kutazama paji lake mwenyewe akalikana.

"Ni mtoto wa dada yangu," akasema.

Alisema kwa ile sauti yake ya darasani. Mama mkwe wangu akatoka nje, tukamsikia analia huko nyuma ya ghala. Ndugu yangu akasimama, akavaa kofia. "Mmesikia, wazee. Basi mtoto wa dada anafuata mamake. Msije siku moja Iguhu kudai."

Na hiyo ndiyo ilikuwa hasara yao. Mke anayeondoka huacha mtoto kwa mumewe, ndivyo ilivyo. Mimi niliondoka na wangu mkono wa kulia, na hakuna aliyeweza kutuzuia, kwa sababu baba yake alikuwa ameshamkana. Njiani mtoto aliniuliza kama yule mtu wa suti atakuja kwa bibi. Nikamwambia hapana. Akauliza jina lake. Nikamtajia, jina lote, na la ukoo.

Iguhu ndugu yangu alinipa mahali pa kulima. Mtoto alisoma kwa ndizi zetu na kwa mgongo wa mjomba wake huyo wa kweli. Alikuwa na kichwa kile kile. Akapata digrii ya kwanza, na siku moja akaja nyumbani, akaniambia anataka ya pili, na kwamba nafasi za ng'ambo zinagawiwa na kamati iliyoko Nairobi, na mwenyekiti wa kamati ni nani.

"Niende kwake, mama?"

"Nenda," nikamwambia. "Umwambie wewe ni nani."

Alirudi wiki iliyofuata. Alikuwa amepata. Alikula bila kuinua uso, nami nikangoja.

"Alinipokea vizuri," akasema. "Aliniita ofisini mbele ya wenzake. Akasema, huyu ni mpwa wangu."

"Wewe ukasemaje?"

"Mama, nafasi zilikuwa chache sana."

"Sijauliza nafasi."

Akasukuma sahani. "Nilisema, asante, mjomba."

Ndugu yangu alikuwa ameketi pale pale, analainisha mpini wa jembe. Aliendelea kulainisha. Nilimwambia binti yangu amalize chakula, kimepoa.

Safari yake ilianzia Nairobi, nyumbani kwa yule mtu, kwa kuwa ni karibu na uwanja wa ndege. Sisi tulimuaga hapa, kwenye uwanja wa nyumba. Baadaye akaniandikia kwamba amefika salama, na mjomba na mkewe walimnunulia koti zito, zuri, lenye manyoya shingoni. Nikamjibu kwamba huko kuna baridi, avae.